Waligombana lini, wakapatana lini? Jinsi bifu la jaji na mshiriki linavyopikwa

Kila mashindano ya vipaji yakirudi runingani, kuna swali linalorudi nayo. Utalisikia kwa kinyozi, kwenye matatu ya jioni, kwenye kundi la WhatsApp la familia: hawa si walikuwa wanachukiana juzi? Jumatatu kichwa cha habari kilidai jaji amemvua nguo mshiriki mbele ya nchi nzima. Ijumaa mshiriki yule yule anabandika picha akiwa bega kwa bega na jaji yule yule, meno nje, na chini ameandika maneno ya shukrani. Mtazamaji anakuna kichwa. Alidanganywa Jumatatu, au anadanganywa Ijumaa?

Ajabu ni kwamba huenda hakudanganywa siku yoyote kati ya hizo. Jumatatu palikuwa na sentensi iliyotamkwa kweli, na Ijumaa palikuwa na picha iliyopigwa kweli. Kilichoongezwa ni chuki ya katikati, na haikuongezwa na mtu mmoja. Imepita mikono minne au mitano, kila mkono ukitia chumvi kidogo, hata ukimkamata mmoja wao atakuapia kwamba yeye aliikuta hivyo.

Tuwekane sawa kuhusu maneno

Maoni ya jaji ni kazi anayolipwa kufanya. Anakaa mezani, anasikiliza, anasema kilichopendeza na kilichoharibika. Anaweza kuwa mpole au mkali, lakini maoni yake yanahusu wimbo au dansi ya usiku huo, na kwa kawaida huishia hapo.

Ugomvi ni watu wawili kutoelewana wao kwa wao, kamera ziwepo zisiwepo.

Bifu, kwa jinsi vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanavyolitumia neno hilo, ni ugomvi uliotoka hadharani ukapata mashabiki. Kuna kambi mbili, kila kambi inangoja jibu la mwenzake, na wasiohusika wanajaza mafuta.

Kiki ni purukushani inayotengenezwa makusudi ili jina la mtu litajwe. Aghalabu huzuka siku chache kabla ya wimbo kutoka au msimu mpya kuanza. Udaku, nao, ni habari za maisha ya watu mashuhuri zinazouzwa kwa utamu wake hata kabla hazijathibitishwa.

Sasa, shida ni kwamba gazeti au ukurasa wa udaku huviita vyote hivi bifu. Jaji akisema "ulitoka kwenye ufunguo", ni bifu. Msanii akikataa kumsalimia mtu kwenye mlango wa studio kwa kuwa hakumwona, ni bifu. Wawili wakipanga watukanane wiki nzima ili albamu inunuliwe, hilo nalo ni bifu. Msomaji akishazoea kupakuliwa vyote kwenye sahani moja, hawezi tena kujua lini watu wamekosana kikweli.

Kiti cha mkali hakikai wazi

Ukitaka kuelewa kwa nini maneno makali hayakosekani, rudi nyuma hadi Uingereza mwaka 2001, kipindi cha Pop Idol kilipoanza. Mtu wa kampuni ya muziki aitwaye Simon Cowell alikaa kwenye meza ya majaji akawa anawaambia watoto wa watu, bila kupepesa, kwamba hawawezi kuimba. Mwaka 2002 American Idol ikaanza Marekani na Cowell akahamia huko na ulimi wake ule ule. Pembeni yake aliketi Paula Abdul, ambaye alitafuta la kumfariji kila mtu, na Randy Jackson, aliyekuwa katikati ya hao wawili. Tangu hapo kila shindano duniani lina kiti cha mkali, na akiondoka aliyekikalia, hutafutwa mwingine.

Afrika Mashariki tulipata wetu. Tusker Project Fame ilianza Nairobi mwaka 2006. Washiriki kutoka nchi jirani waliishi pamoja kwenye jumba walilokuwa wakiliita akademia, wakafunzwa wiki nzima, kisha wakapanda jukwaani wikendi. Mshindi wa kwanza alikuwa Mkenya, Valerie Kimani. Lakini waulize waliokuwa wakitazama miaka hiyo wanamkumbuka nani, na wengi watamtaja Ian Mbugua kabla hawajamtaja mshiriki yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa na uso usiotikisika na maneno yaliyokatwa mafupi. Kando yake aliketi Juliana Kanyomozi wa Uganda, ambaye watazamaji walimngoja awafute washiriki machozi. Upande wa Tanzania, Bongo Star Search ilikuwa na Madam Rita, Master Jay na Salama Jabir, na hakuna aliyewahi kusikia maoni ya Salama akabaki na shaka kuhusu alichomaanisha.

Hawa walikuwa wanasema uongo? La. Mshiriki aliyeambiwa ameimba vibaya, mara nyingi alikuwa ameimba vibaya kweli. Lakini kumbuka kwamba mtayarishaji anapochagua majaji, anachagua pia tofauti kati yao. Majaji watatu wanaokubaliana kwa kila kitu ni kikao cha kamati, na hakuna atakayekaa macho hadi saa nne za usiku kutazama kikao cha kamati. Ukali unaouona ni wa mtu halisi, ila ameitwa pale kwa sababu yake, na anajua hivyo. Mshiriki naye anajua. Asiyejua ni yule anayesoma kichwa cha habari kesho yake bila kutazama kipindi.

Kisa cha zamani kinachofundisha hapa ni cha Will Young kwenye Pop Idol ile ya kwanza. Cowell alimwambia kiwango chake ni cha wastani tu. Young, badala ya kuinamisha kichwa, alimjibu kwa adabu kwamba hakubaliani naye. Magazeti ya Uingereza yaliyaramba maneno hayo kama vita. Kilichofuata kwenye maisha halisi ni kwamba mwezi Februari 2002 wapiga kura walimpa Young ushindi, na muziki wake ukatolewa na kampuni ya BMG, kampuni ambayo Cowell mwenyewe alikuwa akiifanyia kazi. Yaani yule "adui" alikuwa sehemu ya meza iliyomtoa sokoni.

Kilo moja inayoingia jikoni

Umewahi kununua nyama choma Kenyatta Market? Unachagua kipande kikiwa kimening'inia, kinapimwa kilo moja mbele ya macho yako, kinaenda jikoni. Kinachorudi juu ya ubao, kachumbari kando, ni nyama ile ile na ni tamu, lakini kilo haipo tena, na huwezi kusema kwa hakika kama iliyoipunguza ni moto, kisu au mpishi. Maneno ya jaji nayo hupimwa mabichi studioni, halafu yanaingia chumba cha uhariri.

Sehemu za mwanzo za mashindano haya, zile za mchujo, karibu zote hurekodiwa. Jaji anaweza kuzungumza na mshiriki kwa dakika tatu au nne: anauliza anatoka wapi, anamsifu mavazi, anamweleza kosa lilipo, anamtakia heri. Kipindi kina washiriki wengi na muda mfupi, kwa hiyo mhariri anabakisha sekunde chache. Atabakisha zipi? Si zile za "unatoka Kisumu sehemu gani?" Kisha anatafuta uso wa kuweka baada ya neno kali. Jaji mwingine aliyekunja uso anaweza kuwa alikunja uso kwa sababu ya taa, au kwa mshiriki aliyepita saa nzima kabla. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja na kuongeza mlio mzito wa ngoma, umepata mapambano ambayo ukumbini hayakuwepo.

Nasema hivi bila kutaka kumtisha mtu. Uhariri si wizi, na bila uhariri hakuna kipindi. Ila ni vizuri kujua kwamba unachotazama kimepitiwa. Mwaka 2010 watayarishaji wa The X Factor ya Uingereza walilazimika kukiri kwamba sauti za baadhi ya washiriki kwenye mchujo zilikuwa zimerekebishwa kwa programu ya kunyoosha sauti kabla ya kurushwa, baada ya watazamaji kushtuka kwamba mtu aliyesimama peke yake jukwaani alisikika kama aliye studio ya kurekodi. Ikiwa sauti yenyewe, ambayo ndiyo inayoshindaniwa, inaweza kuguswa, nyuso za majaji ni kitu gani?

Jambo jingine lisilofahamika sana ni kwamba anayesimama mbele ya majaji mashuhuri hajatoka foleni moja kwa moja. Kwenye mashindano makubwa hupita kwanza mbele ya watayarishaji, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Kwa hiyo yule aliyeimba vibaya hadi jaji akashika kichwa, kuna mtu alimsikia mapema, akajua hawezi, akampitisha hivyo hivyo. Hasira ya umma humwendea jaji aliyemcheka, na huyo mtu wa mlangoni hata jina lake hatulijui.

Vipi kuhusu usiku wa moja kwa moja, ambapo hakuna nafasi ya kukata? Hapo mkasi hufanya kazi baadaye. Kipindi cha saa mbili hugeuka kipande cha sekunde kumi na tano kwenye simu, na kipande hicho ndicho wengi watakachokiona. Miaka ya Tusker Project Fame ulihitaji kukaa mbele ya runinga ili ulaumu. Siku hizi unaweza kuwa na msimamo mkali kuhusu shindano ambalo hujui hata linarushwa na kituo gani.

Kichwa cha msomaji aliyesimama

Pita Tom Mboya Street asubuhi, au karibu na jengo la Kumbukumbu za Kitaifa, utazame wauza magazeti. Magazeti yametandazwa chini, kila moja limekunjwa ili kichwa cha juu kionekane, na watu wamesimama kulizunguka jamvi hilo, mikono mfukoni, wakisoma bila kununua. Muuzaji hawafukuzi. Wanabishana, wanacheka, mmoja kati yao anatoa pesa. Kichwa cha udaku kimeandikwa kwa ajili ya mtu huyo aliyesimama, mwenye sekunde tano kabla ya kukimbilia kazini. Leo jamvi limehamia kwenye simu na magazeti yana washindani kama Mpasho na Ghafla pamoja na wanablogu wasio na idadi, lakini msomaji bado amesimama.

Ndiyo maana lugha ya udaku ina vitenzi vyake. Jaji hakosoi, anamchana, anamvua nguo, anampa makavu, anamtolea uvivu. Mshiriki hajibu swali. Anafunguka, anatema nyongo, anavunja ukimya. Mtu akivunja ukimya, uliza alikuwa kimya tangu lini. Mara nyingi utagundua alikuwa kimya kwa sababu hakuna aliyekuwa amempigia simu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuutembeze mkono kwa mkono. Tuseme mshiriki ni msanii anayejulikana tayari, na jaji anamwambia hivi: "Sauti unayo, na kwa jina ulilo nalo nilitarajia makubwa. Leo ubeti wa pili ulikushinda. Ukiufanyia kazi, wiki ijayo nitakuwa wa kwanza kusimama." Ukisoma yote, ni mwalimu anazungumza na mwanafunzi anayemwamini.

Ukurasa wa kipindi unabandika kipande kifupi: "Kwa jina ulilo nalo nilitarajia makubwa. Leo ubeti wa pili ulikushinda." Hakuna neno lililobadilishwa. Mwanablogu anaandika: "Jaji amwambia msanii jina lake ni kubwa kuliko kipaji." Hilo halikusemwa, ila ukilazimisha unaweza kudai ndiyo maana yake. Mashabiki wa msanii wanaingia kwenye ukurasa wa jaji na matusi. Sasa ipo habari ya pili, "Mashabiki wamvamia jaji", na hii ni ya kweli kabisa. Mwandishi anampigia msanii simu: unasemaje kuhusu jaji kudai huna kipaji? Msanii, akiwa kwenye msongamano wa Thika Road na hajaona chochote, anasema kila mtu ana haki ya maoni yake. Kichwa: "Avunja ukimya, amjibu jaji." Jaji anapigiwa, anasema hana la kuongeza. Kichwa: "Jaji agoma kuomba radhi." Siku nne zimepita, pana habari nne, na kati ya watu hao wawili hakuna aliyemkosea mwenzake.

Angalia jinsi ilivyo vigumu kumshika mwongo hapo. Mwandishi atasema alimpigia kila mtu simu, na kweli alipiga. Ukurasa wa kipindi utasema maneno ni ya jaji, na kweli ni yake. Uongo umekaa kwenye viungo, mahali ambapo sentensi moja ilishikamanishwa na nyingine.

Mshiriki akiwa ni staa

Mambo hukolea zaidi pale wanaoshindana wakiwa watu mashuhuri. Hilo ni jambo la mashindano ya dansi ya aina ya Strictly Come Dancing ya BBC, iliyoanza mwaka 2004, na Dancing with the Stars ya Marekani, iliyoanza mwaka uliofuata. Mwanamichezo au mwigizaji anachukuliwa kutoka kwenye kazi anayoiweza, anawekwa kwenye kazi asiyoiweza, na mtu anaketi kumpa alama nne kati ya kumi. Msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Embu akiambiwa ameharibu, analia, anarudi wiki ijayo. Staa ana mashabiki, ana kampuni zinazomlipa kutangaza bidhaa, na ana sura ya kulinda. Neno lile lile la jaji lina uzito mwingine likimwangukia.

Na mara moja moja watu hujibizana kikweli. Oktoba 2011, kwenye Dancing with the Stars, Maksim Chmerkovskiy, mcheza dansi wa kulipwa aliyekuwa akicheza na kipa wa soka Hope Solo, alikerwa na alama za majaji. Jaji Len Goodman alipomkumbusha kwamba yumo kwenye kazi hiyo karibu miaka hamsini, Maksim alimjibu kwamba labda wakati wa kuiacha umefika. Hilo halikutungwa na gazeti. Lilitoka hewani, na watu walilisikia. Lakini fuatilia mwisho wake. Maksim na Solo waliendelea kushindana. Mwaka 2014 Maksim alishinda shindano hilo akiwa na Meryl Davis, Goodman akiwa bado mezani, na Goodman hakustaafu hadi 2022. Ugomvi wa usiku mmoja kati ya watu wazima waliochoka ulikuwa umeandikwa kama uadui wa kudumu.

Hapa kuna imani moja ambayo hata watayarishaji wenyewe wanaiamini kupita kiasi: kwamba bifu huleta watazamaji. Oktoba 2012, wakati wa mchujo wa American Idol mjini Charlotte, video ya Nicki Minaj akimfokea Mariah Carey mezani ilivuja mitandaoni. Wote wawili walikuwa majaji wapya. Kama bifu lingekuwa dawa, msimu ule wa 2013 ungevunja rekodi. Watazamaji walipungua, na majaji hao wawili hawakurudi msimu uliofuata. Watu walitazama ile video. Kutazama kipindi kizima ni habari nyingine.

Imani nyingine ni kwamba jaji mkali huua kipaji cha mtu. Jennifer Hudson aliambiwa mengi makali na Cowell mwaka 2004, akatolewa akiwa wa saba, na Februari 2007 akabeba tuzo ya Oscar. Kwetu hapa, Patricia Kihoro alipita Tusker Project Fame bila kushinda, na bado amejijengea jina kama mwimbaji, mwigizaji na mtangazaji wa redio. Wala jaji si lazima awe ndiye anayechagua mshindi: Project Fame ilitegemea sana kura za ujumbe mfupi wa simu, na kila ujumbe ulilipiwa. Mshiriki aliyeonewa huruma alipata kura. Ukilifikiria hilo kidogo, utaona ni nani aliyenufaika jaji alipokuwa mkali, na haikuwa lazima awe jaji.

Wapo pia wanaosema, basi, yote ni maigizo. Hapana. Machozi ni ya kweli, woga ni wa kweli, na majaji wengi husema wanachoamini. East Africa's Got Talent ilipofanyika mwaka 2019, ikiwa na Jeff Koinange, Vanessa Mdee, Gaetano Kagwa na DJ Makeda mezani, ndugu wawili wadogo wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, waliondoka na dola 50,000, na hakuna mwigizaji aliyewaandikia furaha ile. Aliyevuka kutoka kuamini kila kitu hadi kutoamini chochote amehama kosa moja akaingia jingine.

Ugomvi wa kweli haupigi kelele

Kinachonikera mimi kuhusu bifu hizi za kubandikwa ni nafasi zinayoichukua kuliko hata uongo wake. Kwenye mashindano ya vipaji ipo migogoro halisi, na kwa kawaida haiko kati ya mshiriki na jaji. Iko kati ya mshiriki na mkataba. Nani anamiliki nyimbo alizorekodi? Atakuwa chini ya usimamizi wa kampuni kwa miaka mingapi? Zawadi italipwa yote kwa mkupuo, au sehemu yake ni "thamani" ya studio na mafunzo? Mikataba ya aina hii pia huwa na kipengele kinachomkataza mshiriki kuzungumza na waandishi bila ruhusa. Kimya kinachopatikana hapo ndicho "chanzo kilicho karibu naye" hukijaza.

Migogoro ya kweli ina alama zake. Ina barua, ina malalamiko yaliyowasilishwa mahali fulani, ina taasisi inayolazimika kutoa tamko. Mwaka 2024, BBC ilichunguza malalamiko ya mwigizaji Amanda Abbington dhidi ya Giovanni Pernice, mcheza dansi aliyekuwa mwenzake kwenye Strictly. Mwisho wa uchunguzi ilikubali baadhi ya malalamiko, ikayakataa mengine, na ikamwomba Abbington radhi. Ona lilivyo jambo lisilo na ladha ya udaku: baadhi ndiyo, baadhi hapana. Wala halikumhusu jaji. Lilitokea kwenye chumba cha mazoezi, mahali ambapo watazamaji wa Jumamosi hawafiki.

Na anayeumizwa na bifu la kubuni kwa kawaida ni mdogo. Mwaka 2010, kwenye The X Factor ile ile ya kunyoosha sauti, jaji Cheryl Cole alimwacha nje msichana mwenye asili ya Zimbabwe aitwaye Gamu Nhengu. Magazeti yalipandisha moto, Cole akaandamwa na hasira ya umma. Katika kelele hizo hizo, masuala ya uhamiaji ya familia ya Gamu yakawa habari ya ukurasa wa mbele. Cole alikuwa na mawakili, msemaji na nyimbo zilizokwisha kuuzwa. Gamu alikuwa na umri wa miaka kumi na minane.

Kenya tuna sheria zinazogusa mambo haya, ingawa wengi hudhani dawa ni polisi tu. Kosa la jinai la kumharibia mtu jina lilitupwa na Mahakama Kuu mwezi Februari 2017, kwa hiyo kwa kuchafuliwa jina mtu hufungua kesi ya madai. Kuna sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mitandaoni, ambayo ilipopitishwa iligusa pia uchapishaji wa habari za uongo. Kuna Baraza la Vyombo vya Habari, lenye tume ya kusikiliza malalamiko na kanuni za maadili zinazotaka usahihi, na kumlalamikia mwandishi huko hakuhitaji uwe tajiri. Zaidi ya hayo, kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu.

Tatizo la haki hiyo katika biashara ya burudani ni kwamba lazima mtu aitake. Msanii mwenye wimbo unaotoka wiki ijayo anaweza kusoma asubuhi kwamba ana bifu na jaji, akacheka, akampigia meneja wake simu, na wote wawili wakakubaliana kutokanusha hadi Jumatatu.